Cheti cha uuguzi Marekani: je, kitakulipa? Jibu kwa mama wa Lexington

Swali: Nilizaliwa Uvira, nikaishi kambini Nyarugusu miaka mingi, na sasa niko Lexington, Kentucky, nikiwa na kadi ya kijani. Ninalea watoto wawili peke yangu, mmoja ana miaka 6 na mwingine 10. Ninafanya kazi kwenye ghala kwa dola 18.50 kwa saa. Shule moja ya binafsi inaniambia nitapata cheti cha LPN (muuguzi wa leseni wa ngazi ya kwanza) kwa mwaka mmoja kwa dola 24,000, na kwamba wao wenyewe watanitafutia mkopo. Wenzangu kanisani wananiambia nianze na CNA, wiki chache tu, dola 900. Kipi kinalipa?

Jibu: Dada, ushauri wangu ni kwamba usilipe hizo dola 900, usikope hizo dola 24,000, lakini uuguzi wenyewe usiuache. Nitakueleza hesabu iliyonifikisha hapo, ili ukiona namba zako zinatofautiana na zangu uweze kuirudia mwenyewe.

Tuanze na CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, ambaye katika jimbo lako jina lake rasmi ni SRNA. Sheria ya taifa ya mwaka 1987 inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, zikiwamo angalau saa 16 za vitendo chini ya usimamizi, na Kentucky inafuata kiwango hicho cha saa 75. Kwa sababu hiyo wenzako wanasema kweli kwamba ni kazi ya wiki chache. Lakini tazama mshahara. Kwa takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024, kipato cha kati cha msaidizi wa muuguzi, yaani kile ambacho nusu ya wafanyakazi hupata zaidi yake na nusu hupata chini yake, kilikuwa dola 39,530 kwa mwaka nchini kote. Wewe, kwa dola 18.50 na saa 40 kila wiki, unapata dola 38,480. Tofauti ni kama dola 1,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na mishahara ya Kentucky kwa kawaida iko chini ya ile ya taifa, kwa hiyo huenda tofauti hiyo isiwepo kabisa. Ikiwa ghala lako linakupa saa za ziada mara kwa mara, unaweza hata kushuka. Kazi yenyewe si nyepesi: kuwageuza wagonjwa kitandani, kuwanyanyua na kuwaogesha ni mambo yanayoumiza mgongo, na wasaidizi wa wauguzi ni miongoni mwa wafanyakazi wanaoumia kazini kwa wingi zaidi nchini humo. Mtu anayeichukua kwa ajili ya mshahara peke yake, akitoka ghalani, atavunjika moyo.

Hata hivyo cheti hicho kina thamani ambayo haionekani kwenye mshahara, na ndiyo maana sikuambii ukiache, nakuambia usikilipie. Kanuni za serikali kuu zinasema wazi kwamba mtu aliyeajiriwa na makao ya wazee (nursing home) yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali, au aliyekwisha kupewa ahadi ya kazi hapo siku anapoanza mafunzo, hatozwi chochote: si ada, si vitabu, si mtihani. Makao karibu yote ya wazee yanapokea fedha hizo. Na kama ulijilipia mwenyewe kisha ukaajiriwa na makao ya namna hiyo ndani ya miezi 12 tangu umalize, jimbo linapaswa kuhakikisha unarudishiwa gharama zako kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Watu wengi wa jamii yetu wanalipa mamia ya dola kwa sababu hakuna aliyewaambia jambo hili, na linanisikitisha kila ninapolisikia. Kwa hiyo nenda kwanza kwenye makao ya wazee yaliyo karibu nawe, uombe kazi, na uulize kama wanafundisha wao wenyewe au wanampeleka mfanyakazi shuleni. Sheria inawaruhusu kumtumia mtu ambaye bado anajifunza kwa muda usiozidi miezi minne. Wakikupa karatasi inayosema utawalipa gharama za mafunzo ukiondoka mapema, usiitie sahihi kabla ya kuionyesha ofisi ya msaada wa kisheria, kwa sababu kanuni niliyoitaja inakulinda.

Fahamu pia kwamba kanuni hiyo inayahusu makao ya wazee. Hospitali na kampuni zinazohudumia wagonjwa nyumbani haziwajibiki nayo, ingawa baadhi ya hospitali hufundisha bure kwa hiari yao. Kuhusu mtihani, usiogope kama kusoma Kiingereza bado kunakuchelewesha: sehemu ya maswali inaweza kufanywa kwa kusikiliza badala ya kusoma, ukiomba hivyo unapojiandikisha, na kanuni inakuhakikishia nafasi zisizopungua tatu za kuujaribu. Ukishasajiliwa, usikae miezi 24 mfululizo bila kazi ya malipo katika huduma hiyo, kwa sababu utalazimika kuanza upya.

Thamani ninayoizungumzia ni hii. Programu nyingi za uuguzi katika vyuo vya umma vya Kentucky zinamtaka mwombaji awe amekwisha kupita mafunzo haya ya saa 75 kabla ya kuingia. Kisha, ukiwa ndani ya hospitali au makao ya wazee, mwajiri anaweza kukulipia masomo. Sheria ya kodi inamruhusu kutoa hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kuhesabiwa kuwa mshahara wako. Na la tatu, ambalo mimi naliona zito zaidi, utajua ndani ya miezi michache kama unaweza kuifanya kazi hii usiku, wikiendi, na siku mtoto anapoumwa, kabla hujaweka fedha yoyote kubwa.

Sasa LPN, ambako ndiko hesabu yenyewe iliko. Kipato cha kati cha LPN nchini kote kilikuwa dola 62,340 mwezi Mei 2024. Kwa kuwa Kentucky iko chini ya hapo, na kwa kuwa anayeanza hapati kama aliyezoea, mimi nitatumia dola 55,000 ili tusijidanganye. Shule iliyokupigia simu bila shaka ilikuonyesha mshahara wote na kuulinganisha na ada yake. Ulinganisho huo si wa haki, kwa sababu wewe hutoki kwenye sifuri. Faida yako ni ile tofauti tu: dola 55,000 kutoa dola 38,480, yaani dola 16,520.

Nayo hiyo haifiki yote mkononi. Kodi ya Social Security na Medicare inachukua asilimia 7.65 ya kila dola inayoongezeka, kodi ya mapato ya Kentucky ni asilimia 3.5 kuanzia 2026, kaunti ya Fayette inakata asilimia 2.25 ya mshahara, na kodi ya serikali kuu katika kiwango chako ni kama asilimia 12. Kwa pamoja ni robo hivi, kwa hiyo zinabaki kama dola 12,400. Halafu kuna jambo ambalo karibu hakuna shule inayolitaja: EITC, ile nafuu ya kodi kwa wazazi wenye kipato cha chini, ambayo bila shaka ndiyo sehemu kubwa ya fedha unazorudishiwa mwishoni mwa Februari. Kwa mzazi wa watoto wawili, kila dola inayoongezeka katika kiwango chako cha kipato inapunguza nafuu hiyo kwa senti 21. Dola 16,520 zikiongezeka, EITC yako itapungua kwa karibu dola 3,480. Kinachobaki ni kama dola 8,900 kwa mwaka, ambazo ni dola 740 kwa mwezi.

Sisemi hivyo ili kukukatisha tamaa. Dola 740 kwa mwezi katika nyumba yenye watoto wawili ni fedha nzuri, zinatosha kubadilisha mtaa mnaoishi. Lakini ni namba tofauti sana na ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya shule, na mkopo lazima upimwe kwa namba hii. Pia, kabla mshahara haujapanda, uliza ofisi ya jimbo kuhusu ukomo wa kipato wa msaada wa malezi ya mtoto na wa bima ya watoto ya KCHIP. Ukomo wa KCHIP kwa familia ya watu watatu uko juu ya dola 55,000, ila si juu sana, na zamu chache za ziada zinaweza kukuvusha bila wewe kujua.

Upande wa gharama, ada ni sehemu moja tu. Mshahara utakaoukosa ukisoma ni sehemu nyingine, na mara nyingi ndiyo kubwa. Mwaka wa LPN una masomo darasani na siku za vitendo hospitalini ambazo hupangiwi kwa kufuata ratiba ya ghala. Tuseme utafanya kazi nusu ya muda. Utapoteza dola 19,240 za mshahara, ambazo kwako, baada ya kuondoa kodi ambazo hungezilipa na kuhesabu mabadiliko ya nafuu za watoto, ni kama dola 15,000 za mkononi. Kiasi hiki kitakuwepo popote utakaposoma.

Chukua sasa shule ya binafsi. Dola 24,000 za ada, tuseme dola 2,000 za vitabu, sare, chanjo, uchunguzi wa rekodi ya polisi na mtihani wa leseni wa NCLEX-PN (wenyewe ni dola 200), pamoja na zile dola 15,000: jumla dola 41,000. Kwa faida ya dola 8,900 kwa mwaka, itakuchukua zaidi ya miaka minne na nusu kurudi pale ulipo leo. Na hapo sijagusa riba. Mkopo wa benki wa dola 24,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa miaka 10, kwa mfano, ni malipo ya karibu dola 317 kila mwezi, na mwisho utakuwa umelipa dola 38,000. Katika zile dola 740 zako utabaki na dola 423 kwa miaka 10.

Chuo cha umma ni habari nyingine. Katika vyuo vya jamii vya Kentucky, ada ya mkazi katika miaka ya karibuni imekuwa karibu dola 190 kwa krediti, yaani kipimo cha ukubwa wa somo. Tuseme programu pamoja na masomo ya awali ni krediti 50: dola 9,500. Wewe una kadi ya kijani, kwa hiyo unaruhusiwa kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu kwa fomu ya FAFSA, na mzazi anayelea watoto peke yake ambaye kipato chake hakizidi asilimia 225 ya kiwango cha umaskini anastahili ruzuku ya Pell kamili. Familia yako ya watu watatu imo ndani ya kiwango hicho. Pell kamili kwa mwaka wa masomo wa 2025-26 ni dola 7,395, na hairudishwi. Ada inayobaki ni kama dola 2,100, na kuna mpango wa jimbo uitwao Work Ready Kentucky Scholarship, ulioanza 2017, unaolipia ada kwa wanaosomea fani zenye uhitaji mkubwa, afya ikiwa mojawapo, uuombe nao. Hata usipoupata, dola 2,100, dola 2,000 za vifaa na dola 15,000 za mshahara ni kama dola 19,000, ambazo zitarudi katika muda unaozidi kidogo miaka miwili.

Utaambiwa kwamba chuo cha umma kina foleni, kina mtihani wa kuingia, kina masomo ya awali, ilhali shule ya binafsi inaanza mwezi ujao. Ni kweli, na kungoja nako kuna gharama. Lakini gharama hiyo tunaijua: mwaka mmoja wa kungoja unakukosesha zile dola 8,900, na tofauti kati ya njia hizi mbili ni dola 22,000 kabla ya riba. Unaweza kungoja hata miaka miwili ukawa bado uko mbele, na miaka hiyo usiipoteze, kwa sababu ndiyo muda wa kufanya kazi ya CNA na kumaliza masomo ya awali, kama vile anatomia na hisabati, moja moja jioni.

Ikiwa bado moyo wako uko kwa shule ya binafsi, kuna mambo ambayo lazima uyapate kwa maandishi. Je, programu yao ya LPN imeidhinishwa na Bodi ya Uuguzi ya Kentucky? Usiulize shule, tazama orodha ya bodi yenyewe, ambayo iko wazi kwa umma. Kwenye taarifa hizo hizo tafuta asilimia ya wanafunzi wa shule hiyo wanaofaulu NCLEX-PN mara ya kwanza. Kisha waulize shule ni wangapi kati ya walioanza mwaka jana waliomaliza, maana hasara kubwa kuliko zote katika jambo hili haitokani na ada, inatokana na kuacha katikati: mkopo unabaki, leseni haipo, na umerudi ghalani. Mwisho, waulize kwa nini wanakutafutia mkopo wa binafsi badala ya kukujazisha FAFSA. Shule iliyomo katika mpango wa msaada wa serikali haina sababu ya kuanzia benki na mtu ambaye anastahili Pell kamili, na kama haimo katika mpango huo, mimi ningeondoka.

Nasisitiza idhini kwa sababu nyingine pia. Mwezi Januari 2023 serikali kuu ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika operesheni iliyoitwa Nightingale, iliyohusu zaidi ya vyeti na stashahada 7,600 za uuguzi zilizouzwa kwa maelfu ya dola na shule za Florida kwa watu ambao hawakusoma. Baadhi ya wanunuzi walipoteza leseni hata baada ya kuajiriwa. Mtu yeyote akikuambia kwamba cheti cha LPN kinapatikana bila siku za vitendo hospitalini, hiyo ndiyo dalili.

Kuna swali ambalo hukuliuliza, ila linaihusu hesabu yako. Masomo ya awali ya LPN yanaingiliana sana na yale ya RN (muuguzi aliyesajiliwa, ngazi ya juu ya LPN) ya miaka miwili, ambayo katika vyuo vya jamii hutolewa kama shahada ya miaka miwili (associate degree), na kipato cha kati cha RN kilikuwa dola 93,600 mwezi Mei 2024. Kwa mtu ambaye Kiingereza chake kinaruhusu na ambaye ana mtu wa kumwangalizia watoto kwa miaka miwili, kwenda RN moja kwa moja kunalipa kuliko kupitia LPN. Kwako wewe, unayelea peke yako, naona LPN kwanza ni uamuzi wenye busara zaidi: mwaka mmoja wa kubana matumizi unavumilika, mshahara unapanda mapema, na baadaye vyuo vingi vina njia fupi ya kumvusha LPN hadi RN huku mwajiri akichangia ada. Ila uchague chuo ambacho krediti zake zinakubalika kwenye njia hiyo. Krediti nyingi za shule ndogo za binafsi hazipokelewi na vyuo vya umma, na hapo ungelazimika kulipia somo lile lile mara mbili. Fahamu pia kwamba hospitali kubwa zinaajiri LPN wachache. Kazi nyingi ziko kwenye makao ya wazee na kwa wagonjwa wa nyumbani. Kliniki za madaktari zina saa nzuri kwa mwenye watoto, ila mara nyingi hulipa chini ya makao ya wazee.

Hukuandika kama ulimaliza sekondari. Kama una Diplôme d'État ya Kongo, au cheti cha kidato cha sita cha shule za kambini zilizofuata mtaala wa Kongo, hicho kinaweza kutambulika kuwa sawa na kumaliza sekondari, mradi kitafsiriwe na kutathminiwa. Ulizia ofisi ya udahili ya chuo inakubali tathmini ya shirika gani kabla ya kulipia. Kama karatasi zilipotea njiani, huenda ukahitaji kufanya mtihani wa GED, unaohesabiwa sawa na kumaliza sekondari, kwa sababu bila kimojawapo cha hivyo viwili kwa kawaida hupati Pell wala nafasi ya LPN. Ulizia hilo wiki hii, kwa kuwa tathmini ya vyeti huchukua muda, na maombi ya programu za uuguzi huwa na tarehe ya mwisho ambayo chuo hakisogezi.